Bunduki ya marisau: Kabla ya kulipa, chungulia mtutu

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

NI Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Mchesi, hapa Lilongwe. Kwenye kibanda cha chai ninakokaa kila mwisho wa wiki, Kiswahili na Chichewa vinapishana mezani kama sahani za chapati. Wapo madereva wa malori waliotoka Dar es Salaam, wapo akina mama wanaoleta vitenge kutoka Mbeya, na tupo sisi tuliozaliwa uhamishoni Tanzania na kurudi nyumbani baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa Mei 1994.

Binamu yangu aliingia akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuagiza hata chai.

"Kaka, wewe ndiye mwalimu," alisema. "Nisomee hii. Nataka kununua bunduki."

Karatasi ilikuwa na maelezo ya Kiingereza ya bunduki mpya ya marisau, yaani shotgun, ya mitutu miwili. Binamu analima mahindi na karanga Dowa, si mbali na kambi ya Dzaleka, kwenye mteremko unaoelekea Salima. Nguruwe pori na nyani humla kila msimu, na msimu wa kiangazi kanga wa porini hutua shambani kwa makundi. Alikwishaanza kuzungumza na polisi kuhusu kibali. Kilichobaki, alidhani, ni kuchagua bunduki nzuri na kulipa.

Sikumjibu mara moja. Sababu ni kwamba baba yake, ambaye ni mjomba wangu, ana vidole vitatu tu katika mkono wa kushoto. Binamu amekua akiambiwa kwamba viwili vilikatwa na mashine ya kusaga. Si kweli. Mimi nilikuwapo.

Nyumba ya nyigu

Ilikuwa mwaka 1990, kijiji kimoja jirani na Tukuyu, mkoani Mbeya. Nilikuwa na miaka 11, darasa la nne. Ngedere walikuwa wamemaliza mahindi ya mjomba, naye akaenda kuazima bunduki kwa jirani mwenyeji aliyekuwa na kibali. Bunduki hiyo ilikuwa imening'inizwa ukutani mwezi mzima bila kuguswa.

Mjomba aliweka risasi, akalenga, akafyatua. Mlio haukuwa ule tuliouzoea. Mtutu ulichanika kama ganda la ndizi, pale pale mkono wake wa kushoto ulipokuwa umeshika.

Baadaye wazee walipochunguza kipande kilichobaki walikuta udongo mkavu ndani. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wamejenga nyumba yao ndani ya mtutu. Risasi ilipofika pale ikakosa njia, na nguvu yote ya baruti ikatafuta njia nyingine.

Jirani alinyang'anywa kibali kwa kuazimisha silaha. Mjomba, mkimbizi asiye na haki ya kushika bunduki ya mtu, aliponea chupuchupu kufukuzwa kijijini. Ndiyo maana ikatungwa hadithi ya mashine ya kusaga.

Msomaji wangu, makosa yalikuwa mawili, na yote yangeweza kuepukwa kwa dakika moja. La kwanza, bunduki ya mtu haiazimwi. La pili, hakuna aliyechungulia mtutu. Makala hii ni kwa ajili ya hayo mawili na mengine yanayofanana nayo.

Kibali kwanza, bunduki baadaye

Wengi hufanya kinyume. Humwona muuzaji, hupenda bunduki, hulipa, kisha huanza kutafuta karatasi. Huko ni kujitafutia kesi.

Hapa Malawi kibali cha kumiliki silaha hutoka polisi. Kibali hicho ni cha mtu na bunduki yake, si cha ukoo. Ukifa, mwanao harithi bunduki kama anavyorithi jembe. Ukisafiri, mkeo hawezi kuiazimisha kwa shemeji.

Kibali cha kumiliki bunduki pia si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wana idara yao, Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori, na sheria yao ilikazwa mwaka 2017 hadi kufikia kifungo cha miaka 30 kwa makosa makubwa. Kwa hiyo kabla ya kumpiga hata kanga mmoja, uliza idara hiyo ni ndege gani wanaoruhusiwa, msimu gani na eneo gani.

Kwa wasomaji walio upande wa Tanzania, sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Walio Kenya wakumbuke kuwa uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku huko tangu mwaka 1977.

Kwa ndugu zetu wakimbizi wa Dzaleka, ushauri wangu ni mfupi: msiguse. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa Rais Kamuzu Banda, gereza lililofanya baadhi ya wazazi wetu wakimbie nchi. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, maduka kadhaa hapa Mchesi yalifungwa na watu wakapoteza mitaji. Mtu anayeishi kwa hati ya muda hana nafasi ya kukutwa na silaha, hata kama ni ya mwajiri wake anayemlindia duka.

Mpakani hakuna "nibebee kidogo"

Neno kwa wafanyabiashara wa Kasumulu na Songwe. Boksi la risasi za shotgun huwa na risasi 25. Ni dogo, linaingia kwenye mfuko wa unga, na mtu anaweza kukuomba umbebee "maboksi mawili tu" kwa nauli ya basi.

Usikubali. Risasi si bidhaa kama sabuni. Kibali cha Tanzania hakivuki daraja la Songwe, na cha Malawi hakivuki kwenda Tanzania. Nchi zetu zilikwishakubaliana juu ya jambo hili: Itifaki ya SADC ya kudhibiti silaha ilitiwa saini hapa hapa Malawi, mjini Blantyre, Agosti 14, 2001. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilifuata na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo.

Mtu mwenye haja ya kweli ya kuvusha bunduki, kwa mfano mwindaji mgeni, hutafuta kibali cha nchi zote mbili kabla ya kufunga safari. Asiye nacho aiache nyumbani.

Namba 12 maana yake nini?

Baada ya chai ya pili nilimchukua binamu tukaenda kwa mzee mmoja aliyestaafu uaskari wa wanyamapori. Ametumia shotgun kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyoshika chaki. Mengi ninayoandika hapa nimeyapata barazani kwake na katika vitabu alivyonipa kusoma.

Swali la kwanza la binamu lilikuwa hilo hilo la wanunuzi wengi: "Namba 12 na namba 20, ipi kubwa?"

Hapo ualimu wangu ukanisaidia. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini ya risasi, ambayo ni gramu 453. Igawe kuwa tufe 12 zilizo sawa. Tufe moja litakuwa na upana wa milimita 18.5, na huo ndio upana wa mtutu wa namba 12. Ukigawa ratili hiyo kuwa tufe 20, kila moja linakuwa dogo zaidi, milimita 15.6, na huo ndio mtutu wa namba 20. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua.

Namba 12 ndiyo inayopatikana zaidi duniani, na risasi zake ndizo rahisi kupata. Kwa mtu wa kijijini hilo ni jambo kubwa, kwa maana bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali. Namba 20 ni nyepesi na teke lake kwa kawaida ni dogo, hivyo humfaa mtu mwenye umbo dogo.

Mzee alitupa onyo ambalo nataka kila msomaji alikumbuke. Risasi ya namba 20 ikiwekwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12, haianguki nje. Huteleza na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Mtu akifyatua, bunduki haitoi mlio. Akifungua, huona tundu tupu, naye hudhani alisahau kuweka risasi. Huweka ya namba 12 nyuma yake. Akifyatua tena, yanampata yale yaliyompata mjomba wangu.

Ndiyo maana viwanda vina desturi ya kutengeneza risasi za namba 20 kwa ganda la manjano. Risasi za namba mbili tofauti zisikae kamwe katika mfuko mmoja.

Aina zake

Bunduki za marisau ziko za namna nyingi, lakini mnunuzi wa huku kwetu hukutana zaidi na hizi.

Ya kwanza ni ya mtutu mmoja ya kuvunja. Ni rahisi, ina vyuma vichache, na fundi wa kawaida anaielewa. Ya pili ni ya mitutu miwili, iwe imelala ubavu kwa ubavu au imepandana mmoja juu ya mwingine. Hii ya kupandana ndiyo wanamichezo wa kulenga sahani za udongo huipenda, kwa kuwa jicho hupita juu ya mstari mmoja.

Ya tatu ni ya pampu, inayokokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele. Ya nne ni ile inayojikoki yenyewe kila ukifyatua. Hii ya mwisho mara nyingi ina teke dogo, lakini ina vyuma vingi ndani na haivumilii uchafu.

Mzee anapendekeza ya mitutu miwili ya kuvunja kwa mwanagenzi, na sababu yake si uzuri. "Ikiwa imevunjwa, kila mtu aliye pembeni yako anaiona kuwa iko wazi," alisema. "Hata mtu wa mbali anajua yuko salama. Hizo nyingine lazima umwamini mwenyewe."

Kuhusu majina, zipo za Italia, Uturuki, Urusi, Hispania na kwingineko. Nyumba ya Beretta ya Italia imekuwa ikitengeneza mitutu tangu mwaka 1526. Siku hizi Uturuki inatengeneza nyingi za bei nafuu, nyingine nzuri na nyingine za hivi hivi. Jina pekee halitoshi. Cha kuuliza ni hiki: spea zake zinapatikana wapi, na yupo fundi mwenye leseni wa kuitengeneza?

Ukiwa dukani

Nenda mchana, nenda na miwani yako kama unatumia, na usione haya kukagua. Kabla ya lolote muuzaji aifungue bunduki mbele yako na wewe mwenyewe uone kuwa ni tupu. Kama hafanyi hivyo, ondoka.

Kisha chungulia mtutu kutoka nyuma kuelekea kwenye mwanga. Ndani uwe unang'aa kama kioo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona duara la kivuli, huenda mtutu umevimba au umebonyea. Ukiona vidoti vyeusi, kutu imekwishaanza kula, hata kama bunduki inaitwa mpya.

Ifunge taratibu. Mlio wake uwe mmoja, mzito. Shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, ujaribu kuitikisa. Isicheze. Jaribu sefti: ikiwa imewekwa, kifyatulio kisifanye kazi hata ukivuta kwa nguvu.

Tafuta maandishi kwenye mtutu. Utakuta namba ya tundu, na urefu wa chumba cha risasi, kwa kawaida milimita 70 au 76. Risasi ya milimita 76 haipaswi kutumika katika chumba cha 70, hata kama inaingia, kwa sababu ganda lake hukosa nafasi ya kufunguka na msukumo hupanda.

Tafuta pia alama za majaribio. Hizi ni mihuri midogo inayopigwa na nyumba za kupima silaha, kama ile ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1813. Maana yake ni kwamba mtutu huo ulijaribiwa kwa nguvu inayozidi ile ya kawaida na ukastahimili.

Mwisho, linganisha namba ya bunduki na namba iliyo kwenye karatasi, tarakimu moja moja. Tofauti ya tarakimu moja inaweza kukuweka ndani siku ya ukaguzi.

Ikutoshe kama kiatu

Binamu alitaka kununua kwa kutazama. Mzee akacheka. "Kiatu hununui hivyo," alisema.

Hapa kuna kipimo rahisi. Ukiwa na bunduki tupu iliyokaguliwa, na ukielekeza mahali salama, fumba macho, iinue begani kama unayelenga, kisha fumbua. Jicho lako liwe limekaa katikati ya mstari wa mtutu, linaona shanga ya mbele bila kutafuta. Kama unaona chuma cha nyuma tu, kitako kiko chini mno kwako. Kama unaona mtutu mzima kama barabara ndefu, kiko juu mno. Kama kinakwama kwapani, ni kirefu.

Jua pia jicho lako kubwa ni lipi. Nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba moja. Jicho ambalo kidole hakihami likiwa wazi ndilo linalotawala. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto linalotawala atakosa kila siku na kulaumu bunduki.

Kuhusu uzito, namba 12 nyingi za kuwindia ziko kati ya kilo 3 na 3.5. Nyepesi ni raha kubeba lakini inapiga teke zaidi.

Choki na umbali

Mdomo wa mtutu wa shotgun mara nyingi umebanwa kidogo. Kibano hicho huitwa choki, na kazi yake ni kufanya marisau yasitawanyike upesi. Kipimo cha zamani ni hiki: piga karatasi kubwa umbali wa kama mita 36, chora duara la sentimita 76, uhesabu. Choki kamili huingiza kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara, nusu choki kama 60, robo kama 55, na mtutu usio na choki kama 40.

Kwa kanga wanaoruka karibu, robo au nusu inatosha. Bunduki nyingi mpya huja na choki za kufungua na kufunga kwa ufunguo maalumu. Usifyatue kamwe bila choki kuwa mahali pake, kwa kuwa utaharibu hesi za mdomo.

Marisau nayo yana namba, na hapa tena namba kubwa ni punje ndogo. Namba 6, inayofaa ndege wa ukubwa wa kanga, ina punje za kama milimita 2.6 hadi 2.8, kutegemea nchi iliyotengeneza.

Umbali wa kumpiga ndege kwa uhakika ni mita 30 hadi 35. Lakini marisau hayo hayo huweza kufika zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Kati ya mita 35 na 200 ndimo watu wanamochota maji, ndimo watoto wanamopita kutoka shule. Usipige usichokiona, na usipige kama hujui kilichopo nyuma yake.

Utunzaji: robo saa inayookoa

Bunduki haifi kwa kutumika. Inakufa kwa kuwekwa chafu, hasa msimu wa mvua, Desemba hadi Machi, hewa ikiwa na unyevu.

Ukirudi, hakikisha ni tupu. Hakikisha tena. Ifungue vipande vyake vikuu. Pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia kutoka upande wa nyuma kwenda mdomoni, mara kumi hivi. Fuatisha vitambaa vya pamba hadi kitambaa kitoke cheupe. Maliza na kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki.

Mafuta yawe kidogo sana. Watu wengi humwaga. Mafuta mengi hushika vumbi na huingia kwenye mbao za kitako yakazilainisha. Mafuta ya kupikia yasitumike, yanaganda kama gundi. Oili chafu ya gari nayo ina masizi na tindikali. Kwenye bawaba, pale bunduki inapovunjikia, weka grisi kidogo.

Futa chuma cha nje kila ilipoguswa. Jasho la kiganja lina chumvi, na alama ya vidole hugeuka kutu. Fungua choki, safisha hesi zake, paka grisi kidogo, rudisha. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu madini ya risasi ni sumu.

Kabla ya kutumia tena, pitisha kitambaa kikavu na uchungulie. Kila mara. Ukianguka nayo shambani, ifungue, toa risasi, chungulia. Ukisikia mlio hafifu, simama, fungua, chungulia. Huenda kitu kimebaki ndani. Ukifyatua isilie, ielekeze mahali salama ukahesabu hadi 30 kabla ya kuifungua.

Itakaa wapi?

Si chini ya kitanda. Si juu ya dari la nyasi. Si kwenye ghala la mahindi. Ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli na kukazwa ukutani, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake. Ufunguo uwe kwa mwenye kibali, si juu ya mlango ambako kila mtoto anajua.

Usiiache ndani ya mfuko wake wa ngozi au turubai kwa wiki nyingi. Mfuko hunyonya unyevu na kuuhifadhi. Risasi zilizolowa au kuvimba zisijaribiwe wala zisitupwe jalalani. Zipelekwe polisi.

Mjomba alivyosema

Binamu alipata kibali, akanunua. Siku aliyoileta nyumbani Dowa nilikuwapo. Alitangulia kumwonyesha baba yake, akiwa na furaha ya mtoto aliyepata sikukuu.

"Shikamoo mjomba," nilisema. Aliitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mtutu.

"Ivunje," alimwambia mwanawe. Binamu akaivunja. Mzee akainyanyua kwa mkono wa kulia, akaiegemeza juu ya vile vidole vitatu, akachungulia kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akachungulia mtutu wa pili.

"Aliyekuambia mashine ya kusaga alikudanganya," alisema. "Aliyekudanganya ni mimi. Kaa chini."

Alisimulia yote, tangu bunduki ya kuazima hadi nyigu. Binamu hakuuliza swali hata moja. Alipomaliza, mzee alimrudishia bunduki na kumpa sharti moja: kila asubuhi anayotoka nayo, apite mlangoni kwake, aivunje, wachungulie wote wawili.

Hadi leo wanafanya hivyo. Msimu uliopita binamu aliitumia mara nne tu. Nyani wengi alishindana nao kwa mbwa, kwa makopo ya kugonga na kwa kulala shambani, na anasema hakupata hasara kubwa kuliko majirani. Naye amejifunza jambo ambalo nilitaka kumwambia siku ile ya chai: pengine mtu hahitaji bunduki. Lakini kama unaihitaji, na sheria imekuruhusu, basi ichungulie.